Mkoba wa mwokoaji wa kujitolea Mombasa: mwongozo kamili, kitu kwa kitu

Ukimaliza kozi ya huduma ya kwanza na kupewa cheti, kinachofuata ni mkoba. Hapo ndipo wengi huingia duka la dawa na kutoka na kile kisanduku cheupe chenye msalaba: plasta tele, pamba, chupa ya spiriti na dawa ya kuchua. Ni kisanduku kizuri cha jikoni. Kwa mtu aliyegongwa na lori pale Changamwe, hakina cha kumsaidia.

Mwongozo huu ni wa mwokoaji mpya anayeishi na kuzunguka Mombasa, awe dereva wa boda aliyefunzwa na chama chake, mwalimu wa shule Kisauni au mwenye duka Mwembe Tayari. Nimeupanga kwa utaratibu wa kununua. Kama huna pesa za vyote kwa mkupuo mmoja, anza juu ukishuka, na usiruke.

Utaratibu huo una sababu yake. Mji wetu ni kisiwa. Mgonjwa wa Likoni anayehamishiwa Hospitali Kuu ya Pwani huvuka kwa feri au huzungushwa Dongo Kundu. Ambulensi ya Bamburi hupita Daraja la Nyali pamoja na matatu zote za jioni. Katika vichochoro vya Mji wa Kale gari haliingii kabisa. Mgonjwa hubebwa hadi barabarani. Na mtu anayevuja damu ya mshipa mkubwa anaweza kufariki kwa dakika chache tu, huku ubongo uliokosa hewa ukianza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Kwa hiyo tunaanza na damu na pumzi. Mengine yana nafasi ya kungoja.

Kabla ya shilingi ya kwanza

Kachanjwe. Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, na chanjo yake huwa dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Uliza pia kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Hii ndiyo kinga pekee usiyoweza kuisahau nyumbani.

Kisha fuata kanuni hii bila kuilegeza: chochote ambacho hukufunzwa kukitumia kwa mikono yako mwenyewe, usikibebe. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Ukiwa na nafasi, rudia mafunzo hata kama cheti hakijaisha muda, kwa sababu mikono husahau haraka kuliko kichwa.

Hatua ya 1: Mkoba wenyewe

Chukua mkoba wa kuvaa mgongoni. Ukiwa juu ya boda, au ukipanda zile ngazi nyembamba za nyumba za Mji wa Kale, unahitaji mikono yote miwili. Uwe wa rangi inayoonekana, nyekundu au chungwa, na wenye utepe wa kuakisi mwanga. Mdomo wake ufunguke wote mpaka ulale wazi chini kama kitabu. Mkoba wa shule wenye mdomo mmoja wa juu utakufanya uchimbe gizani huku mtu akivuja damu.

Angalia zipu kabla ya kulipa. Zipu ya chuma haimalizi mwaka na upepo wetu wa bahari. Hushika kutu na kukwama siku unayoihitaji. Tafuta ya plastiki yenye meno makubwa, kisha funga kila kishikio uzi wa rangi wa kuvuta, maana glavu zenye damu huteleza.

Ndani, gawa vitu katika vifuko vya plastiki vinavyopitisha mwanga, kila kazi na kifuko chake. Masika yakishika mwezi wa Aprili na Mei, mkoba utalowa hata kama muuzaji alikuapia hauingizi maji. Vifuko ndivyo vitakavyookoa gozi yako, ile shashi ya majeraha.

Hatua ya 2: Vya kukulinda wewe

Glavu za naitrili ndizo za kwanza. Ziko pia za mpira wa kawaida, ambazo ni rahisi zaidi, ila baadhi ya watu wana mzio nazo na huwezi kumuuliza aliyezimia. Beba jozi sita au zaidi. Utabadilisha kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, nyingine itapasuka, na kila mara atatokea mpita njia mwenye moyo wa kusaidia asiye na glavu. Mpe jozi kabla hajagusa damu. Tia jozi moja mfukoni mwa suruali, nje ya mkoba kabisa, ili uzivae ukiwa bado unakimbia.

Ongeza miwani ya kinga, barakoa chache za kawaida, chupa ndogo ya kitakasa mikono, na reflekta. Reflekta ina kazi mbili. Usiku kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi inakufanya uonekane na dereva wa lori. Na katika umati, kwani ajali yoyote hapa kwetu hukusanya watu kufumba na kufumbua, inaonyesha nani wa kusikilizwa. Ukishaivaa, agiza mtu mmoja mmoja: “Kaka wa shati la buluu, piga 999. Dada, nishikie tochi hii.” Ukipaza sauti kwa wote, kila mmoja atadhani mwenzake amepiga.

Hatua ya 3: Damu

Hapa ndipo pesa yako nyingi iende. Boda hugongana, mafundi wa jua kali hukatwa na mashine, abiria hubanwa mguu kati ya gari na gari. Mkononi utahitaji vitu vya aina nne.

Cha kwanza ni gozi, ile shashi nyeupe, katika sura mbili: vipande vya mraba vilivyofungwa kimojakimoja, visivyopungua ishirini, na mistari mirefu iliyokunjwa, angalau minne. Vipande ni vya kufunika na kukandamiza. Mistari mirefu ni ya kushindilia ndani ya jeraha lenye kina, hasa pale ambapo hapafungiki mkanda, yaani kinenani, kwapani na chini ya shingo. Unaisukuma gozi kwa kidole mpaka ifike pale damu inapotoka, unaendelea kujaza mpaka jeraha lishibe, kisha unakandamiza kwa mikono miwili kwa dakika kumi kamili bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu kazi: damu iliyoanza kuganda inang’oka, na unaanza upya. Kama umepata gozi yenye dawa ya kugandisha damu, dakika tatu za kukandamiza hutosha kwa kawaida, lakini fuata maandishi ya pakiti. Usishindilie gozi ndani ya kifua wala tumboni.

Cha pili ni bendeji pana ya kubana, yenye pedi iliyoshonewa kabisa. Mbili zinatosha. Ukikosa, bendeji ya kuvutika ya sentimita kumi juu ya rundo la gozi itafanya kazi ileile. Ukimaliza kufunga, bonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka uwe mweupe, uachie, utazame kama wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili tatu. Usiporudi, umekaza kupita kiasi.

Cha tatu ni turniketi, ule mkanda wenye kijiti cha kusokotea. Ndicho ghali kuliko vyote mkobani, na ndicho kinachoghushiwa zaidi. Ukinunua, sokota kijiti kwa nguvu mbele ya muuzaji. Kikipinda, au mshono ukianza kuachia, mrudishie. Nunua mbili kama unaweza, moja ya mazoezi uiandike hivyo kwa kalamu, na moja isiyoguswa mpaka siku yake. Turniketi ni ya mkono au mguu tu, pale damu inaporuka au inapomwagika bila kukoma na ukandamizaji umeshindwa. Inafungwa sentimita tano mpaka saba juu ya jeraha, upande wa moyo, kamwe si juu ya kiwiko au goti. Sokota mpaka damu ikome. Mgonjwa atapiga kelele, kwa sababu inauma sana, na watu watakwambia umfungulie kidogo apumue. Usifungue. Andika saa uliyofunga kwenye mkanda wenyewe au kwenye paji la uso wake, uiache mpaka daktari.

Na usipokuwa nayo? Kitambaa chenye upana wa vidole vitatu au zaidi na kijiti kigumu kinaweza kuokoa uhai. Kamba, waya na utepe wa kiatu hukata nyama na havifungi mshipa. Mshipi wa suruali nao ni mgumu mno kusokotwa.

Cha nne ni plasta na tepu. Plasta ni za michubuko, na watoto wa mtaani kwako watakumaliza, kwa hiyo ziwe kwenye mfuko wa nje. Tepu ichague ya kitambaa. Ya karatasi haishiki kwenye ngozi yenye jasho, na Februari hapa hakuna ngozi isiyo na jasho.

Neno moja kuhusu pedi za akina mama, kwani kuna ushauri mwingi unaozunguka kwamba ndizo bora kwa majeraha. Pedi hunyonya damu. Haizuii damu kutoka. Unaweza kuona pedi safi juu huku mtu anazidi kupoteza damu chini yake. Beba mbili tatu kwa ajili ya kazi yake halisi, maana kuna siku mama aliyeanguka kwenye stendi atakushukuru kwa hizo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Hatua ya 4: Pumzi

Nunua barakoa ya kupulizia pumzi, ile ngumu yenye vali ya kupitisha hewa upande mmoja. Kuna karatasi nyepesi za plastiki zinazoning’inizwa kwenye funguo. Hizo ni bora kuliko kukosa, lakini barakoa ngumu inaziba uso vizuri na haipeperuki upepo wa kusi ukivuma ufukweni.

Kwa wenzetu wa bara, wengi hufunzwa kukandamiza kifua tu bila kupuliza, na kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa moyo hilo linakubalika. Sisi tuna bahari. Aliyezama amekosa hewa kwanza, moyo umesimama baadaye, kwa hiyo anahitaji pumzi tangu mwanzo: mpulizie mara tano, kisha endelea na mizunguko ya kawaida, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara ukiachie kirudi juu kabisa. Tumboni usimbonyeze ili “kutoa maji”, hata wavuvi wazima wakikusisitizia. Maji ya tumboni yakipanda yanaingia mapafuni.

Nikisema tuna bahari sisemi ufuo wa Pirates peke yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Kila anayejitolea kando ya maji haya afanye mazoezi ya kupuliza pumzi mpaka asifikirie tena.

Vifaa vingine vya hewa, kama mirija ya kuingiza kooni na mashine za kufyonza, waachie wahudumu wa ambulensi.

Hatua ya 5: Leso na mabanzi

Pita Barabara ya Biashara ununue doti moja ya leso. Chagua za pamba, nyepesi, ufue mara mbili kabla ya kuzitumia ili zilainike na kunyonya. Sijui kifaa kingine chenye kazi nyingi hivi kwa bei hii. Ukiikunja kwa pembetatu inakuwa kombeo la mkono uliovunjika. Ikikunjwa kwa urefu ni mkanda wa kufungia banzi. Watu wanne wakishika pembe zake, inasaidia kumsogeza mtu mwepesi asiye na jeraha la uti wa mgongo.

Kazi yake kubwa zaidi, kwa mji wetu, ni stara. Mama aliyevaa buibui ameanguka, mguu unavuja damu, na wanaume wamemzunguka. Piga magoti usawa wake, umwambie: “Pole mama. Mimi naitwa fulani, nimefunzwa huduma ya kwanza. Waniruhusu nitazame mguu?” Kisha waombe akina dada wawili wainue leso iwe pazia, wakiwa wamempa mgongo. Hapo ndipo mkasi uguse nguo, na ukate kando ya mshono, sehemu ile ya jeraha tu. Akikuona umemstahi, atakwambia na yale asiyotaka kuyasema mbele ya watu, kwamba ana mimba, au anatumia dawa za kulainisha damu. Habari hizo hospitali itazihitaji.

Leso ya pili iache safi ndani ya mfuko uliofungwa. Ni ya mtoto akizaliwa njiani, jambo ambalo madereva wa tuktuk wanalijua vizuri. Mkaushe, mweke kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, na kitovu usikikate kama hukufunzwa.

Kuhusu mabanzi, lile la bati laini lililovikwa sponji hukunjwa likaingia mkobani na kukatwa kwa mkasi. Moja linatosha. Ukikosa, katoni kutoka duka lolote, ikikunjwa mara mbili, hushika kigasha vizuri sana. Funga mfupa kama ulivyoukuta, bila kuunyosha, na banzi livuke kiungo cha juu na cha chini yake. Weka bendeji za kuvutika nne na pini kadhaa kwenye kifuko hichohicho.

Kola ya shingo usinunue. Kama unashuku shingo imeumia, iweke mikono yako miwili pande zote za kichwa, umwambie asitikisike, na ukae hivyo. Kofia ya boda iache kichwani maadamu anapumua vizuri.

Hatua ya 6: Moto, jua na sukari

Wauza viazi karai na bajia wanafanya kazi na mafuta ya moto mahali penye msongamano, na karai likipinduka huunguza zaidi ya mmoja. Tiba ni maji ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Kwenye mkoba huwezi kubeba maji hayo, kwa hiyo jua yanapatikana wapi mtaani kwako: bomba la msikiti, mkokoteni wa maji, dumu za hoteli. Unachobeba ni roli ya nailoni nyembamba ya kufunikia chakula. Baada ya kupoza, ilaze juu ya sehemu iliyoungua kwa vipande vya urefu, usiizungushe mkono mzima, kwa sababu uvimbe utakuja. Pete na bangili ziondolewe mapema. Dawa ya meno, unga, yai na barafu visiguse.

Tia chupa ya maji ya chumvi ya hospitali ya nusu lita kwa kuoshea majeraha na macho. Ikiisha, maji safi ya kunywa yanafaa.

Pakiti tatu za ORS, ule unga wa chumvi na sukari kwa aliyepungukiwa maji mwilini, na usome kila pakiti inataka maji kiasi gani kwa sababu hazifanani. Glukosi ya unga, au sukari ya kawaida kwenye kichupa kikavu. Mwenye kisukari anayetetemeka, anayetoka jasho jembamba na kuanza kuongea ovyo, ila bado anameza, mpe gramu 15 mpaka 20, yaani vijiko vinne vya chai, ndani ya maji kidogo. Asipopata nafuu kwa dakika kumi na tano, rudia. Kwa asiye na fahamu usimtie kitu mdomoni. Katika Ramadhani uwe macho zaidi saa za alasiri. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na mara nyingi anachohitaji ni mtu wa kumwambia hivyo kwa upole mbele ya jamaa zake.

Jua la kaskazi nalo si la kudharau. Kuli aliyeacha kueleweka anachosema huku ngozi inachoma, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na umpepee. Mambo ya kumnywesha yaje baadaye, akili ikirudi.

Hatua ya 7: Vya baharini

Kama uko karibu na ufuo, ongeza kibano chenye ncha nyembamba cha miba, na chupa ya plastiki ya kuoshea. Mchomo wa samaki taa hutulizwa kwa maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, si zaidi ya nyuzi 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Yajaribu kwa mkono wako kwanza. Mguu uliokwisha kufa ganzi hausemi ukweli. Mwiba uliozama shingoni, kifuani au tumboni usiuchomoe.

Anayeishi pembezoni, kule Kisauni ndani au Likoni kuelekea mashambani, akumbuke pia nyoka. Hakuna kifaa cha kununua. Turniketi hairuhusiwi, wala wembe, wala kufyonza. Bendeji na banzi ulivyo navyo vinatosha kutuliza kiungo kisitikisike, pete zitolewe, na mgonjwa abebwe asitembee. Swila akimtemea mtu machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa au zaidi.

Hatua ya 8: Vidogo vinavyosahaulika

Mkasi mzito wa kukatia nguo, wenye ncha butu. Tochi ya kuvaa kichwani, na betri zake zikae kando. Kalamu mbili, moja ya wino mzito usiofutika, na daftari dogo. Blanketi la karatasi ya fedha: hata katika joto letu, aliyepoteza damu au aliyetoka majini hupoa haraka, na mwili uliopoa hauigandishi damu vizuri. Mifuko ya taka. Mfuko mdogo wa maji ya kunywa, wa kwako.

Na kadi iliyofunikwa nailoni. Upande mmoja andika 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu, pamoja na hospitali za kila upande: Hospitali Kuu ya Pwani na Tudor kisiwani, Port Reitz kwa Changamwe, Likoni kwa ng’ambo. Upande wa pili andika Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010, kinachosema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kama mtu mlangoni ataanza na habari za malipo, isome kwa sauti ya adabu.

Hatua ya 9: Vya kuacha dukani

Mashine ya presha, kipima sukari, kipima oksijeni cha kidoleni: vyote vizuri, ila kwa mwokoaji mpya vinakula dakika na havibadilishi utakachofanya. Mtazame mtu, umsikilize anavyopumua, umguse ngozi. Hapo utapata jibu.

Spiriti na iodini usimimine ndani ya jeraha. Pamba huacha nyuzi. Kijiko cha kumtia mwenye kifafa mdomoni kisiwepo kabisa. Kinachohitajika ni kumwondolea vitu vya kumuumiza, kuangalia saa, na kuita ambulensi mtikisiko ukipita dakika tano.

Dawa za kumeza ni jambo zito. Usigawe vidonge vya maumivu wala vya kuua vijidudu. Aspirini ya miligramu 300 kwa maumivu ya kifua ni ya waliofunzwa na kuruhusiwa na kikundi chao peke yao, baada ya kuuliza kuhusu mzio na vidonda vya tumbo.

Hatua ya 10: Kupanga, kuzoea, kutunza

Glavu na turniketi ziwe juu kabisa, mahali unapogusa ukifungua zipu. Chini yake gozi, kando barakoa ya pumzi. Mabanzi na leso nyuma, kwenye upande wa mgongo. Plasta na ORS mifuko ya nje. Kisha funga macho, na mwenzako akutajie kitu kimoja kimoja: “Gozi. Mkasi. Turniketi.” Rudieni mpaka mikono iende bila kupapasa. Fanyeni hivyo pia gizani, mkiwa mmevaa glavu zilizolowa. Kama mko kikundi, mikoba yote ipangwe namna moja ili uweze kuchukua cha mwenzako bila kuuliza.

Joto na unyevu ndio maadui wa mkoba wa Pwani. Usiuache kwenye buti la gari wala kwenye sanduku la boda juani. Glavu hunata zenyewe kwa zenyewe na kupasuka ukizivuta; gundi ya plasta huyeyuka, ukifungua inabaki kwenye karatasi. Nyumbani uning’inize penye upepo, mbali na ukuta wa bafu. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, tia kimoja katika kila kifuko. Ungio wa mkasi upake tone moja la mafuta ya cherehani, ufute. Mara moja kwa mwezi toa kila kitu, kitandaze mkekani, soma tarehe, vuta glavu moja uone kama inakatika, washa tochi.

Hatua ya 11: Baada ya tukio

Ukiwakabidhi wahudumu mgonjwa, wape karatasi yenye saa ya tukio, ulichokiona, ulichokifanya, na saa ya turniketi. Taka zenye damu zifunge kwenye mfuko na uombe zipokelewe kituo cha afya. Zisiishie kwenye jalala ambako watoto huokota. Damu iliyomwagika sakafuni inafutwa kwa dawa ya klorini: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya dawa kwa sita za maji inatoa nguvu ya 0.5, ambayo inatosha. Fanya hivyo ukiwa na glavu, uiache kwa dakika kumi kabla ya kupangusa.

Ukichomwa na kitu chenye damu, au damu ikikurukia jichoni, usione haya na usingoje kesho. Kidonda kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukikamua. Jicho lioshe kwa maji matupu. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Dawa za kinga ya Virusi vya Ukimwi baada ya tukio hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28.

Halafu jaza mkoba usiku uleule, kabla ya kuoga na kulala. Kwa ajili hiyo weka nyumbani kifurushi cha akiba chenye glavu, gozi na bendeji za mzunguko mmoja, kwa sababu maduka ya dawa ya mtaani hufunga mapema. Asubuhi yake nunua mbadala wa ulivyotoa kwenye akiba, na umtafute mwenzako wa kikundi mkae mzungumze yaliyotokea, hasa kama mgonjwa hakupona.